Nani Aliyapunguza Macho ya Wavu?

Shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka, watoto wengi wa mji ule wa wavuvi walihamia nyuma ya gati kuogelea. Mbona hakwenda nao. Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kunywa chai, alivaa kandambili zake na kushika njia ya kwenda kwenye banda la nyavu, alikofanya kazi shangazi yake.

Mbona halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili asiyeweza kuvuka barabara bila swali. Mbona boti zinapakwa rangi hata chini, mahali pasipoonekana? Mbona kamba mpya inanuka na ya zamani hainuki? Shangazi yake alipenda kuwaambia watu kwamba siku mtoto huyo alipozaliwa hakulia kama wenzake, bali aliuliza mbona taa ni kali. Watu wakacheka, na jina likashika.

Banda lenyewe lilikuwa refu, la bati, lisilo na kuta pande mbili ili upepo upite. Wiki za mwisho wa mwaka ndizo zilizokuwa na kazi kuliko zote. Boti zilipandishwa nchi kavu, injini zikafunguliwa, na nyavu zikatundikwa kwenye boriti za banda ili zikaguliwe. Palipochanika sana palikatwa, na kipande kipya kikafumwa mahali pake. Baada ya hapo alikuja afisa wa uvuvi, ambaye mji mzima ulimwita bwana samaki, akapima macho ya kila wavu, yaani yale matundu yake. Wavu wenye macho madogo kuliko ilivyoruhusiwa haukuingia baharini, kwa sababu huzoa hata samaki wachanga ambao bado hawajazaa.

Wanawake wa banda walifuma kwa sindano ya mbao, inayojazwa uzi tumboni, na kibao. Uzi ulizungushwa kwenye kibao, fundo likafungwa, kibao kikachomolewa, na jicho likabaki. Upana wa kibao ndio ulioamua ukubwa wa jicho. Vibao vyote vya banda lile vilikatwa kwa kufuata kimoja, cha mti mgumu kilichogeuka cheusi kwa uzee, alichokiacha bibi yake Shangazi. Wanawake walikiita Hakimu. Palipotokea ubishi, Hakimu aliletwa, akapima, na watu wakarudi kwenye kazi zao.

Mwezi huo Hakimu alikuwa mikononi mwa Dada Kimya. Mama huyo kijana alikuwa amehamia mjini wiki tatu tu kabla, pamoja na mwanawe wa miaka minne, na hakuwa na kibao chake. Shangazi akamwazima Hakimu. Dada Kimya alifuma vizuri lakini maneno yake yalikuwa ya kuhesabu.

"Ukimsalimia asubuhi, jibu lake unalipata karibu na mchana," alisema Mama Redio.

Mama Redio hakuwa na tatizo hilo. Aliketi mbele kabisa ya banda, mahali pa kuona barabara yote, na kutangaza habari za mji tangu asubuhi hadi jioni. Jina lake hilo alilijua, na aliliitikia kwa furaha.

Siku moja Mbona aliona uzi wa Dada Kimya ukinasa kwenye ukingo wa Hakimu. Ukanasa tena. Dada Kimya akapitisha kidole pale, akakirudisha haraka.

"Kina kijibanzi," alisema, kisha akaendelea kufuma.

Mchana, wanawake walipokwenda kula, Mbona alimchukua Hakimu bila kumwambia mtu, akakimbia naye hadi karakana ya fundi wa boti, pale jirani. Nia yake ilikuwa njema: kusugua kijibanzi kwa msasa na kurudi. Fundi hakuwepo. Msasa ulikuwepo mezani, lakini kando yake ilikuwepo randa, na Mbona alikuwa na hamu na ile randa tangu alipokuwa darasa la pili. Chuma gani hiki kinachoweza kumenya mti mpaka ukawa mwembamba kama karatasi?

Akakibana kibao, akasukuma randa mara moja. Kijibanzi kikatoka. Ukanda mwembamba wa mti mweusi ukajiviringa na kuanguka miguuni pake. Akasukuma mara ya pili, aone kama ile ya kwanza haikuwa bahati tu. Mara ya tatu ilikuwa ya utamu wa mlio. Baada ya hapo hakuhesabu.

Ukingo ukawa laini kama sabuni. Lakini ulikuwa pia mweupe, kwa sababu weusi wa Hakimu ulikuwa wa juu juu tu, wa mikono ya miaka mingi. Kibao cheusi chenye ukingo mweupe kingeleta maswali, na Mbona alipenda kuuliza kuliko kuulizwa. Akachovya kitambaa kwenye kopo la oili chafu, akaupaka ule ukingo, akaufuta mpaka ukakauka. Wanawake waliporudi, Hakimu alikuwa mahali pake. Dada Kimya akazungusha uzi, ukateleza vizuri, akatabasamu. Mbona akajiona ametenda wema, na baada ya siku mbili akawa amesahau.

Zilipita wiki mbili. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwaka, bwana samaki akaja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na kipimo chake cha chuma kilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Wavu wa kwanza ulikuwa wa nahodha wa boti kubwa kuliko zote, naye nahodha alikuwepo, amesimama mikono kiunoni.

Bwana samaki alipita akichomeka chuma chake kwenye jicho moja baada ya jingine. "Sawa," alisema. "Sawa. Sawa." Halafu akasimama. Akasukuma, chuma kikakataa. Akajaribu jicho la pembeni, na la chini yake, na mengine kumi.

"Kipande hiki chote ni kidogo," alisema. "Kuanzia hapa mpaka kwenye ile boriti."

"Kidogo?" Nahodha alishusha mikono. "Bwana, vijana wangu kumi na wawili wananingoja ufukweni. Mji umejaa wageni, kila nyumba inataka samaki. Niwaambie nini?"

"Waambie Ijumaa. Nitarudi Ijumaa kupima tena. Kabla ya hapo, wavu huu ukigusa maji nitauchukua."

Nahodha alimtazama Shangazi, kwa kuwa Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wa banda. Hakusema neno baya, lakini aliondoka bila kuaga, na Shangazi akabaki ameinamisha kichwa. Katika miaka ishirini, hakuna wavu uliotoka mikononi mwake uliowahi kurudishwa.

Hakukuwa na haja ya kuuliza nani alifuma kipande kile. Wote walimwona Dada Kimya akikifuma.

"Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mama Redio. "Huyu kaja, na wenyeji ndio kwanza tunaugua. Nani ajuaye huko kwao walikuwa wanavua nini? Labda dagaa!"

"Nilifuata kipimo," alisema Dada Kimya.

"Kipimo gani? Si ulipewa Hakimu mwenyewe?"

Shangazi aliinua mkono wanyamaze. Alikuwa mtu wa haki, lakini siku hiyo alikuwa amechoka na ameona aibu. "Mwanangu," alimwambia Dada Kimya, "ungekuwa na kibao cha kuokota, ningesema labda. Hakimu hajakosea tangu enzi za bibi yangu. Kwa hiyo ni mkono. Na mimi siwezi kukaa na mkono nisioweza kuuamini. Maliza wiki hii. Jumamosi tuachane kwa wema."

Dada Kimya aliinuka. Alikwenda kumfunika mwanawe, aliyekuwa amelala juu ya rundo la nyavu kuukuu, akarudi kuketi.

Mbona aliumia. Alimpenda Dada Kimya, ambaye hakuwahi kumwambia "acha maswali". Lakini zaidi ya kuumia, kulikuwa na jambo lililomsumbua kichwani. Alikuwa ameitazama mikono ile kwa wiki kadhaa. Mtu anayeweza kufunga mafundo elfu moja yakafanana yote, anakoseaje macho?

Aliwaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Labda ni uzi. Uzi ulikuwa mpya. Labda unapungua kwa chumvi na unyevu wa upepo wa bahari. Akarudi bandani kuomba kipande cha uzi, akakipima kwa rula yake ya shule, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ya bahari, akaliweka bakuli chini ya kitanda.

"Unapika nini humu ndani?" mama yake aliuliza alipoliona.

"Uzi, mama."

"Usisahau chumvi."

"Tayari imo."

Asubuhi aliukausha uzi na kuupima tena. Haukupungua hata kidogo. Mbona akafurahi na kukasirika kwa wakati mmoja. Uzi hauna hatia, sasa nani?

Jumanne yote aliketi karibu na Dada Kimya. Labda anavuta sana anapofunga fundo. Alitazama mkono wa kulia ukipita, wa kushoto ukishika, kidole gumba kikibana. Hakuna kuvuta.

"Dada," alinong'ona, "ni kweli kwenu mlikuwa mnafuma macho madogo?"

"Hapana. Makubwa kuliko haya."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza," alisema Dada Kimya, na sindano yake haikusimama.

Uzi ulikuwa mzima na mkono ulikuwa mzima. Usiku Mbona aligeukageuka kitandani, na Jumatano alipoamka alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekipima, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikipima vingine.

Alisubiri mchana, banda lilipobaki na mtoto wa Dada Kimya tu, amelala juu ya nyavu. Akamchukua Hakimu, akamweka kwenye jicho alilofuma Dada Kimya, kati ya fundo na fundo. Upana wa kibao ulilingana barabara. Akajaribu jicho jingine, na jingine. Yote barabara. Dada Kimya alikuwa amemfuata Hakimu bila kukosea hata mara moja.

Kisha akaenda kwenye kipande alichofuma Shangazi kwa kibao chake mwenyewe. Akamweka Hakimu kati ya fundo na fundo. Hakufika. Palibaki nafasi ambayo ncha ya ukucha wake ingeweza kuingia.

"Hakimu amepungua!" alisema kwa sauti, peke yake, akiwa na furaha kubwa ya mtu aliyetegua kitendawili. Alitaka kukimbia kuwaita. Nani angewaza? Lakini kibao kinapunguaje? Mti hauliwi na uzi kiasi hiki. Akakigeuza mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo.

Ukingo ulikuwa laini kama sabuni.

Akaketi chini pale pale. Randa. Ilikuwa mara saba? Mara kumi? Kila mara ilikuwa imemenya kitu chembamba tu, lakini uzi huzunguka kibao upande huu na upande ule, kwa hiyo kosa la kibao huongezeka maradufu kwenye jicho. Alikuwa ametafuta mkosaji kwa siku tatu, kwenye bakuli na kwenye mikono ya mwenzake, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani asingeuliza. Hakuna aliyejua. Fundi hakumwona. Angeweza kumrudisha Hakimu mahali pake na kwenda zake kuogelea. Jumamosi ingefika, mwaka ungeisha, watu wangesahau. Angeweza hata kumtupa Hakimu baharini, wakadhani amepotea. Aliyawaza yote hayo, na asidanganywe mtu kwamba hakuyawaza.

Mtoto wa Dada Kimya alikuwa ameamka. Alikuja akimvuta gauni.

"Nifunge kamba," alisema, akionyesha kiatu chake. "Mama kasema nijifunze kuvaa viatu. Tunaondoka."

"Mnakwenda wapi?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Mama hajui," alisema.

Mbona alifunga kamba ya kiatu kile. Fundo rahisi kama lile likamshinda mara mbili.

Wanawake waliporudi na kuketi, walimkuta amesimama katikati ya banda, Hakimu kifuani. Angeweza kumwita Shangazi pembeni. Lakini Dada Kimya hakutukanwa pembeni, alitukanwa mbele ya watu. Mbona akapiga moyo konde.

"Shangazi, Hakimu anaweza kukosea?"

"Haya, maswali yameanza," alisema Mama Redio, na watu wakacheka.

"Hawezi," alijibu Shangazi. "Kwa nini?"

"Njooni mtazame."

Akawaonyesha jicho la Dada Kimya, kisha la Shangazi. Kicheko kilikatika. Shangazi alikichukua kibao, akapima mwenyewe mara tatu, kisha akakiweka juu ya kibao chake. Kile cheusi kilikuwa chembamba, jambo ambalo kila mtu aliliona.

"Lakini hiki ndicho kilichovizaa hivi vyote!" Mama Redio alishika kichwa. "Nani amekipunguza?"

"Ni mimi," alisema Mbona.

Alimwaga mtama wote: kijibanzi, karakana, randa, na namna alivyosahau kuhesabu. Hata oili hakuiacha. Shangazi alikwangua ukingo kwa kucha, mpaka weupe ukaonekana. Akaketi.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili mwenzako anafuma kwa kibao ulichokikata wewe. Tukamvunjia heshima mbele ya nahodha. Tukamfukuza."

"Sikujua kama kinapungua, Shangazi. Kweli tena."

"Najua hukujua. Lakini oili ulijua."

Hapo Mbona alilia. Hakuna aliyempiga wala aliyempigia kelele, lakini maneno hayo matatu ya mwisho yalimchoma kuliko fimbo, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

Shangazi aliinuka taratibu, akavuka banda hadi alipoketi Dada Kimya, akapiga magoti mbele yake kama mtu anayeokota kitu.

"Mwanangu, nisamehe. Mtoto kakata kibao, lakini aliyekiamini kibao kuliko mtu ni mimi."

Dada Kimya aliweka sindano chini. "Nilisema, Mama," alijibu. "Nilisema nilifuata kipimo."

"Ulisema. Hatukukusikia."

Mama Redio aliinuka. Alikohoa, akavuta kiti chake kutoka mahali pake pa mbele, akakileta hadi kando ya Dada Kimya. "Mdomo wangu huu," alisema, "ungekuwa wavu, bwana samaki angeuchukua zamani. Nisamehe, mdogo wangu. Haya, mkasi uko wapi? Ijumaa haiko mbali."

Wakakikata kipande chote, fundo kwa fundo, na kuanza upya. Walifuma wote, kwa vibao vilivyopimwa juu ya kibao cha Shangazi. Kazi ya Mbona ilikuwa kujaza uzi kwenye sindano. Mfumaji mmoja humaliza sindano haraka. Wafumaji wanne humaliza haraka zaidi ya mtoto mmoja anavyoweza kujaza. Jumatano jioni vidole vilimwasha. Alhamisi vilikuwa na malengelenge. Sauti za wenzake wakiogelea zilimfikia kutoka nyuma ya gati, lakini hakuomba ruhusa ya kwenda.

Kitu kimoja tu kilimtoa bandani: alitumwa kwa fundi wa boti kuomba radhi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Niliporudi siku ile nikakuta maranda ya mti mgumu chini ya meza. Nikajua panya wa hapa wamejifunza useremala." Kisha akakunjua uso. "Ukitaka kushika randa, njoo mimi nikiwepo. Chuma kile kingeweza kumenya kidole chako vile vile."

Ijumaa asubuhi kipande kilikwisha. Bwana samaki alifika na kipimo chake shingoni, nahodha nyuma yake, na nyuma ya nahodha vijana watatu ambao hawakuweza kungoja ufukweni. Banda zima likasogea karibu, Mama Redio mbele.

"Sawa," alisema bwana samaki. "Sawa. Sawa." Akafika kwenye kipande kipya. Akachomeka chuma, akakichomoa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mbona alishika mkono wa mtoto wa Dada Kimya bila kujua kwamba anaushika. Bwana samaki alichomeka tena, hapa, pale, na kule karibu na boriti.

"Sawa yote," alisema. "Nani kafuma hapa katikati? Macho yamelingana kama ya kiwandani."

"Huyu hapa," alisema Shangazi, akimshika Dada Kimya bega. "Mfumaji wetu."

Vijana waliushusha wavu kwa shangwe, wakaubeba mabegani hadi kwenye boti. Nahodha alirudi kumpa Dada Kimya mkono, naye Dada Kimya akaupokea.

Kabla bwana samaki hajaondoka, Shangazi alimwomba jambo ambalo hakuna banda lililowahi kumwomba. "Umepima nyavu. Sasa tupimie na vibao."

Akavipima kimoja kimoja. Cha Shangazi, sawa. Cha mfumaji wa pembeni, sawa. Alipofika kwenye cha Mama Redio, akakigeuza mara mbili. Ncha zake zilikuwa sawa, lakini kilikuwa kimelika katikati kwa miaka ya kusuguliwa na uzi. Miezi michache zaidi, na nyavu zake zingerudishwa.

Wote wakamgeukia Mama Redio. "Msinitangaze!" alisema, na banda likacheka mpaka Shangazi akafuta machozi. Siku hiyo ikawekwa kanuni: kila mwisho wa mwaka, kabla ya mtu kuzungusha uzi, vibao vyote vitapimwa kwanza, na mpimaji atakuwa Mbona.

Jioni, wakirudi nyumbani, Shangazi alipunguza mwendo walipopita kiwanda cha barafu.

"Watu watakwambia uache maswali," alisema. "Usiache. Sisi wakubwa tulimaliza kesi bila kuuliza hata swali moja, na tukamwonea mtu. Lakini jifunze mambo mawili. Kitu cha wenzako usikiguse bila ruhusa, hata kama unataka kukitengeneza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ungesema siku ile, lingekuwa kosa la kijibanzi, tungelimaliza kwa kukugombeza kidogo. Ulilipaka oili, likakua wiki mbili, likakaribia kumtoa mama na mtoto wake mjini."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umejiumbua mwenyewe kabla ya kifo. Hilo nalo nimeliona."

Jumamosi, siku ambayo Dada Kimya angefunga virago, Mbona alifika bandani mapema. Dada Kimya alikuwa amekwisha fika, na mapajani alikuwa na kibao kipya alichokatiwa na fundi. Mbona alisimama mbali kidogo.

"Dada, bado umenikasirikia?"

Dada Kimya alifikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Jumatano nilikasirika sana," alisema. "Jana bado kidogo. Lakini ungenyamaza, leo ningekuwa barabarani na mwanangu, na nisingejua kamwe nilikosa nini. Uliona aibu na bado ukasema. Watu wazima wengi hilo linawashinda."

Mbona hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Alipotaka kumwambia hivyo, Dada Kimya alisogea upande, akampigapigia mahali pa kuketi.

"Leo usijaze sindano," alisema, akamwekea kibao mkononi. "Leo unafuma."